Naomba ushauri: ghala la zamani la matofali linabanduka

Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tupo Pennsylvania, Marekani, kaunti ya York. Mwaka jana tulinunua shamba dogo lenye ghala la matofali ya kuchoma la karne ya 19. Kuta zake mbili za kwenye ncha zina vitundu vilivyopangwa kwa kuruka matofali, vikachora almasi na miganda ya ngano. Sitaficha, ndivyo vilivyonifanya niweke sahihi.

Si pambo tu. Vinapitisha hewa, maana nyasi zikihifadhiwa na unyevu hupata joto hadi huweza kuwaka zenyewe.

Sasa shida. Mwenye shamba aliyetangulia alijaza viungo vya ukuta wa kusini, yaani nafasi kati ya tofali na tofali, kwa saruji. Wazee walijengea chokaa, ambayo ni laini na huacha unyevu utoke. Saruji inaulazimisha upitie kwenye tofali lenyewe. Baridi ikija maji yanaganda, uso wa tofali unabanduka. Kila theluji ikiyeyuka nafagia vipande. Fundi mmoja kaja, dawa yake ni saruji zaidi, na vitundu vyote azibe "ndege wasiingie". Nikamshukuru, nikamsindikiza getini.

Waliowahi kufanya kazi ya chokaa, hata kwenye nyumba za mawe za Lamu au Zanzibar: hii saruji niitoe yote kwa tindo na nyundo, au nitavunja kingo za matofali? Na yaliyobanduka, naweza kuyachomoa nikayageuza nyuma mbele? Chokaa mbichi haipatani na barafu, kwa hiyo nataka kazi iishe kabla ya Oktoba.