Naomba ushauri: tasnifu haijakamilika, nyumbani kuna harusi, na msimamizi anasafiri

Binti wa Likoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na heshima kwenu nyote. Ninasoma shahada ya uzamili na huu ni mwaka wa tatu wa masomo ambayo nilitarajia kuyamaliza kwa miaka miwili. Utafiti wangu unawahusu mama karanga, wale akina mama wanaonunua samaki wadogo dikoni (pale mashua za wavuvi zinapofikia), kuwakaanga na kuwauza mitaani jioni, na jinsi pato lao linavyobadilika baina ya msimu wa kusi, bahari inapochafuka, na wa kaskazi, inapotulia. Nimewahoji wanawake 22. Mahojiano 16 nimeshayaandika neno kwa neno; sita bado yamo ndani ya simu, na kila saa moja ya sauti hunichukua saa tano kuiandika. Sura tatu za mwanzo zimekubaliwa, ya nne iko nusu, na ya tano sijaigusa.

Msimamizi wangu anataka rasimu nzima kabla ya tarehe 8 Januari ili niingizwe katika orodha ya watakaotetea tasnifu zao muhula ujao. Nikiikosa nafasi hiyo nitalipa karo ya muhula mwingine, ilhali hii ya sasa mama aliikopa kutoka kwa chama chake na bado analipa. Msimamizi mwenyewe anaondoka kwenda kwao bara tarehe 20 Desemba, na ofisi za chuo zitafungwa siku hizo hizo.

Nyumbani nako mambo yamepamba moto. Binti wa khalati yangu anaolewa tarehe 27, na shughuli zote zitafanyika kwetu kwa sababu ni sisi tulio na ua mpana. Tangu Sikukuu ya Jamhuri tumepokea wageni kutoka Lamu na Nairobi, na sasa tunalala watu 14 katika vyumba vinne. Chumba nilichokuwa nikiandikia kimekuwa ghala la magunia ya mchele, masufuria ya kukodi na viti vya plastiki. Mimi ndimi binti mkubwa, kwa hiyo mahamri ya asubuhi, kuchagua mchele na kuwapokea wageni ni juu yangu, na kwa kweli ninazipenda kazi hizo. Juzi nilikuwa nimeketi barazani, simu sikioni na daftari mapajani, khalati akaniuliza mbele ya watu kama kusoma huku kuna mwisho. Nilikosa la kujibu.

Nimejaribu kwenda kusomea maktaba kisiwani Mombasa. Kuvuka feri kwa miguu hakulipiwi, lakini msongamano wa likizo ni mkubwa mno. Siku nyingine ninafika maktaba saa tano nikiwa nimeloa jasho, na saa tisa lazima nirudi jikoni. Usiku nyumba hutulia saa sita, na wakati huo joto na uchovu vimeshanishinda.

Je, nimwombe msimamizi aniongezee muda? Au nihamie kwa rafiki yangu wa Tudor mpaka harusi ipite? Na nimwambieje mama asije akadhani kwamba nimekithamini kisomo kuliko damu yangu? Nina pia jambo la nne linaloninyima usingizi: ninahisi mahojiano yangu ya kaskazi ni machache, na huu ndio msimu wenyewe, kwa hiyo ninafikiria kurudi dikoni nikawahoji akina mama watatu zaidi.

Mwalimu Mstaafu

Wa alaykumu salaam, binti yangu. Nimewasimamia wanafunzi wa uzamili kwa miaka mingi, na wengi niliowaona wakichelewa hawakuchelewa kwa uvivu. Walichelewa kwa sababu kila walipokaribia mwisho waliongeza kitu. Usirudi dikoni kwa mahojiano mapya. Jiulize ni lini mara ya mwisho mhojiwa alikuambia jambo ambalo hukuwa umelisikia kwa wengine. Kama ni kwenye mahojiano ya kumi na tatu au kumi na nne, basi wanawake 22 wanatosha, na hoja hiyo unaweza kuitetea mbele ya jopo.

Kuhusu yale sita, huhitaji kuyaandika yote neno kwa neno. Keti na karatasi yenye mada zako kuu, usikilize mwanzo hadi mwisho, uandike dakika ambayo jambo jipya au maneno yenye uzito yanatokea, kisha unukuu sehemu hizo pekee. Lakini ulieleze hilo waziwazi katika sura ya tatu: mangapi yamenukuliwa kikamilifu, mangapi kwa sehemu, na kwa nini. Mtahini husamehe njia fupi iliyoelezwa, na hukasirishwa na iliyofichwa.

Muda usiuombe bado. Mwombaji wa muda asiye na kitu mkononi huonekana hajafanya kazi. Kabla msimamizi hajasafiri, ichapishe sura ya nne hata kama imekatikia njiani, ukampe mkononi, na umuulize ni sehemu gani angependa kuisoma akiwa kwao. Watu wa umri wetu wengi husoma vizuri zaidi kwenye karatasi, na huko mashambani mtandao si wa kutegemewa. Ulizia pia fomu zinazohitaji sahihi yake na ya mkuu wa idara, uzipate zikiwa zimetiwa sahihi kabla ofisi hazijafungwa. Nimemwona mwanafunzi aliyemaliza kuandika kwa wakati akakwama wiki tatu kwa sahihi moja.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mwanangu, usihame. Msichana akiondoka kwao siku kumi kabla ya harusi, hakuna atakayesema ameenda kusoma. Watasema amekosana na khalati yake, au hakufurahishwa na bahati ya mwenzake, na maneno hayo utayasikia hata siku ya harusi yako mwenyewe. Mama yako ndiye atakayeulizwa, na atakosa la kusema.

Zungumza naye, lakini si jikoni na si mbele ya wageni. Mngoje baada ya alfajiri akiwa bado yuko kwenye msala, ukae chini karibu naye, umwambie kwa hesabu. Mama aliyekopa chamani anaelewa tarehe ya marejesho kuliko anavyoelewa sura ya nne. Mwambie muhula mwingine ni shilingi ngapi, mwambie unahitaji saa gani hadi saa gani, na umtajie kazi utakazozifanya bila kukosa. Ukimwambia tu kwamba una kazi nyingi, atakujibu kwamba naye anazo, na atakuwa amesema kweli. Mahamri waachie hao wasichana waliokuja kutoka Nairobi, nao wajifunze. Wewe chukua vitunguu na nazi za jioni. Siku ya hina na siku ya kupamba, funga vitabu kabisa.

Mwana wa Diko

Dada, mimi si msomi wa chuo lakini nimekulia Mtongwe, na marehemu mama yangu alikuwa akikaanga samaki. Umeandika kuhusu kaskazi, nami ninaomba uangalie jambo moja. Bahari inapotulia, mashua huenda mbali na kurudi na nguru na jodari. Samaki hao si wa mama karanga. Wanachukuliwa na matajiri wenye barafu na wanaopeleka mahotelini, na mwezi wa Desemba mahoteli hununua sana. Mama hubaki akigombania tasi na changu wadogo, na wenzake ni wengi kwa sababu kila mtu ameona samaki wanaingia. Kama sura yako inasema kaskazi ni neema kwa wote, tafadhali isome tena. Nyumbani kwetu kulikuwa na jioni za kaskazi ambazo karai lilirudi na mafuta tu.

Mpangaji wa Bamburi

Kwa heshima zote, sikubaliani na Bi Mkubwa. Mimi nilihama mwaka jana wakati kama huu, nikakodi chumba kwa mwezi mmoja, na nilimaliza. Ni kweli maneno yalisemwa, na shangazi mmoja hajanisamehe hadi leo, lakini yaliyobaki yamepona. Kuna nyumba ambazo saa za faragha haziheshimiwi hata zikiahidiwa, na mwenye kuijua nyumba yake ni wewe. Jipe siku tatu. Usipoandika hata ukurasa mmoja, nenda Tudor ulale huko kwa siku za kazi na urudi kwa siku za shughuli.

Jambo jingine: katika nyumba ya watu 14, kila usiku jitumie kazi yako kwa barua pepe, pamoja na zile sauti sita. Mtoto mmoja na kikombe kimoja cha chai vilinitosha kupoteza wiki mbili.

Binti wa Likoni

Nimewasoma nyote, wengine mara mbili, na ninawashukuru kwa dhati.

Nilizungumza na mama jana alfajiri, kama alivyonielekeza Bi Mkubwa. Nilipomtajia karo alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini nilingoja mpaka Desemba kumweleza. Tumekubaliana kwamba kuanzia baada ya sala hadi saa nne asubuhi hakuna atakayeniita, na baada ya hapo mimi ni mtu wa jikoni kama wengine. Leo nilipoamka nilikuta magunia mawili ya mchele yamesogezwa, na meza yangu imewekwa chini ya dirisha. Ameniambia wazi kwamba tarehe 25, 26 na 27 hataki kukiona kipakatalishi, nami nimekubali. Ya Tudor ninayaweka akiba. Zile siku tatu za Mpangaji wa Bamburi nimeanza kuzihesabu leo.

Sura ya nne nimeichapisha, kurasa 31, na msimamizi amekubali kuipokea mkononi kesho kutwa. Fomu mbili zilikuwa bado hazijatiwa sahihi, na sikuwa nikijua. Kwa mahojiano mapya nimekata shauri kutorudi.

Ndugu Mwana wa Diko, baada ya kukusoma nilifungua sauti ya mahojiano ya 17, ambayo nilikuwa nimeiacha kwa sababu mafuta yanasikika yakichemka kuliko mama mwenyewe. Dakika ya 26 anasimama kumhudumia mtoto aliyetumwa samaki, kisha akirudi anaeleza karibu yale yale uliyoyasema, na anaongeza kwamba kaskazi ndipo anapokopa samaki kwa tajiri, kwa sababu bei ya asubuhi humshinda. Nilikuwa nimeandika kinyume chake katika ukurasa wa 19. Ninaurekebisha sasa, kabla saa nne haijafika.