Lamu: Tumelipia ukumbi wa wanawake watupu, wamempiga video bi harusi na kuirusha mtandaoni

Wadau, assalaam aleikum. Nina hasira na sitajificha. Mdogo wangu ameolewa Mfungo Mosi huu, mwezi unaofuata Ramadhani, hapa Amu, yaani Lamu. Nikahi ilisomwa msikitini salama, pilau ilitosha, wageni walipokelewa kwa heshima yao. Linalonichoma roho ni usiku wa kupamba, na mwenye ukumbi kule Shela aliyetufanyia jambo la kinyama.

Kwa wenzetu wa bara msioijua shughuli hii: usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Bi harusi hutolewa kichwa wazi, nywele zina asumini, hina na piko zimepanda mpaka viwikoni, dhahabu ya kwao yote iko mwilini. Kina mama ambao njiani huwajui ila kwa sauti huvua mabuibui mlangoni, wakapiga vugo, ngoma yetu ya harusi ya kugongwa pembe, na kucheza mpaka jasho liwatoke. Wanacheza hivyo kwa sababu wamehakikishiwa kwamba ndani hamna mwanamume na hamna kamera. Hakikisho hilo ndilo tulilolinunua. Viti na taa tungekodi popote.

Mtauliza kwa nini hatukufanyia nyumbani. Nyumba yetu iko Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani, na kiwanda chake, yaani ua wa ndani, hakiwezi kumeza ukoo mzima pamoja na wakwe. Enzi za mama yangu jirani alikuwa anakufungulia nyumba yake, wageni wakagawanywa huku na kule, mambo yakaenda. Sasa nyumba kadhaa za mtaa wetu zimeuzwa kwa watu wa Ulaya, zinalaza watalii, na mlango wa kubisha hodi haupo tena. Basi tukazunguka kutafuta. Ukumbi mmoja wa mjini, paa la jirani linachungulia moja kwa moja ndani. Mwingine ni banda la makuti, wazi pande zote, upepo ukivuma pazia linapanda juu. Huu wa Shela una bustani yenye ukuta mrefu wa mawe, mlango mmoja wa kuingilia, na ghorofani chumba kimoja tu chenye dirisha linaloangalia bustani. Tukaridhika, ingawa Shela ina tabu yake: maji yakijaa njia ya ufukoni haipitiki, kwa hiyo kina bibi wote ilibidi wakodiwe boti kwenda na kurudi usiku.

Tulimwambia meneja mambo matatu. Wahudumu wawe wanawake. Chumba cha ghorofani kifungwe na ufunguo tupewe sisi. Pasipigwe picha na mtu yeyote ila mpiga picha wetu, ambaye ni mwanamke. Akakubali yote, yakaandikwa kwenye makubaliano, akatia saini, na mjomba wangu akatia saini kwa niaba yetu. Ukumbi ulikuwa shilingi 120,000, nusu arbuni. Akatuongezea 18,000 za kuleta wahudumu wanawake, tukalipa. Akataka na amana ya 30,000 iwapo kitu kitavunjika, tukalipa. Zote kwa M-Pesa, ujumbe ninao.

Hapo ndipo lilipoingia suala la mapambo. Sisi tulitaka mapambo ya kwetu: kiti cha enzi cha marehemu nyanya, mikeka, mito ya hariri, mashada ya asumini na vikuba vilivyofungwa na somo (kungwi) wa bi harusi mwenyewe. Meneja akasema ukumbi una mpambaji wake na wa nje haruhusiwi. Mpambaji akaja na jukwaa jeupe, maua ya plastiki ukuta mzima, taa za dhahabu. Kiti cha nyanya akakisukuma pembeni. Nilipomuuliza sababu akanijibu, “Dada, hivi ndivyo inavyotoka vizuri kwenye picha.” Nikamuuliza picha zipi, na tumeandikiana kwamba hakuna picha ila zetu? Akageuka akaendelea kufunga maua yake. Ufunguo wa chumba cha ghorofani nao nikaambiwa hauna haja ya kutolewa, chumba kimefungwa na meneja mwenyewe anao mfukoni.

Usiku wenyewe sisi tulitimiza upande wetu. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye vikapu, kila moja na karatasi ya jina. Mpiga picha wetu alipomaliza alitoa kadi ya kamera akamkabidhi mama mkononi. Vugo likapigwa, pembe zikalia, mdogo wangu akang'ara, masha'Allah.

Fungate haijaisha, binamu yetu aliye Muscat akampigia mama simu analia. Ametumiwa video. Imetolewa kwenye ukurasa wa Instagram wa ukumbi huo huo, imekatwakatwa na kutiwa muziki, na chini yake wameandika kwamba wanapokea watu wa kuweka nafasi za harusi za Kiswahili. Bei wameweka na namba ya simu wameweka. Harusi ya ndugu yangu imekuwa bango la biashara!

Nimeitazama ile video nikitetemeka. Imepigwa kutoka juu, kwa mshazari, jukwaa lote likiwa limeingia: yale maua meupe, zile taa. Kushoto mwa picha, mwanzo mpaka mwisho, umeonekana ubavu wa ubao wa dirisha, rangi ya kijani iliyobanduka, na bawaba moja yenye kutu. Kila aliyekuwa bustanini analijua dirisha hilo. Ni la chumba kile kile kilichokuwa “kimefungwa”. Kwa hiyo mtu alikaa gizani juu ya vichwa vya mama zetu akiwarekodi, na ufunguo alikuwa nao nani? Meneja alisema mwenyewe.

Ndani yake yumo mdogo wangu, nywele na mabega wazi. Yumo shangazi yangu. Huyu ni mwalimu wa madrasa, mtu mzima, watoto wa nusu ya mtaa wamesoma kwake juzuu. Anaonekana akicheza na kanga kiunoni, amefurahi kwa sababu ni mwana wa kaka yake. Wanafunzi wake wa zamani, wanaume wenye ndevu zao, wameiona. Tangu siku hiyo hajatoka nyumbani wala hajafundisha. Mume wa mdogo wangu ni mstaarabu, hakusema neno baya, lakini kwao yamesemwa, na bi harusi ameanza ndoa yake kwa kulia.

Tulipokwenda kwa meneja, alichotujibu ni kwamba video ni nzuri, inatangaza utamaduni wa Lamu, na wateja wao wa kutoka Ulaya wanaooana pale ufukoni hufurahia kuwekwa kwenye ukurasa. Sasa wateja wa Ulaya wanatuhusu nini? Wao wamekubali, sisi tumekataa, kwa maandishi. Mtu anawezaje kuchukua shilingi 18,000 za kuleta wahudumu wanawake, maana yake ameelewa vizuri kabisa tunachokitaka, kisha akamweka mpiga video dirishani?

Video wameiondoa baada ya mjomba kwenda na wazee wa mtaa. Lakini imeshapakuliwa, inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Na amana yetu ya 30,000 wameishika. Hakuna hata gilasi iliyovunjika. Wanasema watairudisha tukisaini karatasi kwamba hatutalalamika popote. Hatusaini!

Wale mnaotuambia tunyamaze ili tusijiaibishe, aibu si yetu. Katiba kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha. Iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu inahesabiwa humo. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Huyo alikuwa amekaa klabu tu. Sisi tuna makubaliano yaliyosainiwa. Malalamiko tumeshayapeleka ofisi ya Kamishna, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Tumeambatisha nakala ya makubaliano, jumbe za M-Pesa, na picha ya ule ubao wa dirisha tuliyoipiga mchana tukiwa tumesimama pale pale chini ya jukwaa.

Jina la ukumbi silitaji hapa kwa sababu shauri liko mbele ya ofisi. Ninachoomba ni hiki. Dada zangu na mama zangu wa Amu, Shela, Matondoni, Faza, Siyu, na hata Malindi, kama mlifanyia kupamba kwenye ukumbi wa kukodi, ingieni kwenye ukurasa wa ukumbi huo mtazame video za nyuma, msisubiri kuambiwa na mtu wa Muscat. Mkijiona, hifadhini ushahidi pamoja na tarehe kabla hawajafuta, kisha mniandikie faragha, tutawapa utaratibu wa kulalamika. Mlio na harusi zinazokuja, ufunguo wa kila chumba kinachoangalia uwanja mshike nyinyi, na mtu wenu wa kike akae humo mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Arbuni isitoke kabla hilo halijaandikwa.

Na ndugu zangu wanaume mliomo humu: ukitumiwa video hiyo usiifungue wala usimpitishie mwenzako. Ifute, na aliyekutumia mwambie afute yake.