Saa 500 za darubini kutafuta hewa kwenye sayari za mawe: zinafaa?

MwalimuKayole: Darubini ya James Webb imetengewa saa 500 hivi kutafuta angahewa kwenye sayari ndogo za mawe. Naunga mkono. Mwaka 2023 waliipima TRAPPIST-1 b, sayari ya nyota ndogo nyekundu iliyo miaka-nuru 40 hivi kutoka hapa. Sayari ikijificha nyuma ya nyota yake, mwanga hupungua kidogo. Kilichopungua ndicho joto la sayari. Upande wa mchana ulitoka nyuzi 230 hivi. Hewa nzito ingelipeleka joto hilo upande wa usiku, kwa hiyo haipo. Basi tupime nyingine. Mnaonaje?

WaRongai: Darubini ya dola bilioni 10, kuambiwa jiwe halina hewa! Vile vinyota vyekundu hulipuka ovyo, hewa huweza kupeperuka. Hayo ni mambo ya wenzetu. Sisi tuhangaikie stima kwanza.

BintiUmoja: "Mambo ya wenzetu"? Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa hapa kwetu, baharini Malindi. Ikaitwa Uhuru. 1971 kama sikosei.

WaRongai: Roketi ya Marekani, jukwaa la Waitaliano. Sisi tulitoa bahari na jina tu.

WaNgomeni: Ilikuwa 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ndipo jina likatoka. Na hiyo "tu" yako imeniuma. Marehemu baba alikuwa akivusha watu kwa mashua hadi jukwaani. Alirudi viganja vimechubuka kwa kamba, mama akamkanda kwa maji ya moto.

WaRongai: Shikamoo mzee. Sikumgusa mzazi wako. Nimeuliza faida ilibaki kwa nani.

WaNgomeni: Marahaba. Uliza hivyo basi, usiseme "tu".

MwalimuKayole: Turudi kwenye saa 500 jamani. WaRongai, juzi stima ilipotea, nikafundisha kwa tochi ya simu na punje ya haragwe ikipita mbele yake, kama sayari mbele ya nyota. Mtoto wa darasa la saba akauliza: "Na tochi ikiwa na madoa?" Hapo ndipo wataalamu wamekwama na TRAPPIST-1 e, sayari nyingine ya nyota ile ile! Madoa ya nyota yanaweza kuiga dalili za hewa. Mtoto huyo nimwambie asubiri stima?

WaRongai: Mwalimu, usinigeuze adui wa watoto. Wangu wawili wanasomea mshumaa.

BintiUmoja: Mzee, baba alikuwepo siku ya Uhuru yenyewe?

WaNgomeni: Alikuwepo. Kitambulisho chake cha kazi ninacho sandukuni. Kesho nikipata mwanga mzuri nakipiga picha.