Mume wangu ni fundi friji. Alhamisi zetu twende hoteli gani asikojulikana?

Mke wa Fundi
Salaam alaykum. Nina swali, na msinicheke.

Sisi twakaa Likoni, ng'ambo ya feri ya kisiwa cha Mombasa. Tangu Ramadhani iliyopita tumekubaliana kila Alhamisi usiku twatoka wawili tu, watoto twawaacha kwa mamangu. Hoteli ya juma lililopita hatuirudii, na elfu mbili lazima itoshe, nauli ya matatu ndani yake. Feri kwa miguu ni bure, alhamdulillah.

Shida ni kazi yake. Atengeneza friji na AC, na nadhani kisiwa kizima hakuna jiko ambalo hajalikunjia mikono ya shati. Sijaweka mkoba chini, mtu wa kaunta ashaita: "Eh, fundi! Mungu amekuleta!"

Alhamisi iliyopita niliagiza samaki wa kupaka, yeye biriani ya mbuzi. (Yeye ni biriani tu, hata mahali penye menyu ya pizza.) Sahani zikaja, bwana hayupo. Nachungulia jikoni: amelala ubavu sakafuni, tochi ya simu kinywani, friza haigandishi. Nikala peke yangu. Nikala na kiazi chake cha biriani, maana kilikuwa kinanitazama. Alirudi baada ya dakika hamsini ananuka grisi, uso umemwangaza: "Leo hatulipi, wametusamehe bili!"

Nililia kwenye feri. Mimi nilivaa dera jipya, jamani. Sikutaka kusamehewa bili.

Twende wapi?

Kijana wa Majengo
Pole dada, lakini nimecheka. Jaribuni Tarboush pale Makadara. Moshi wa mishkaki ule, nani atamwona?

Mke wa Fundi
Ndiko tulikoanzia. Mishkaki mitamu, lakini pale mji mzima wapita. Hata naan haijafika ashasimama mara nne kutoa mkono.

Shoga wa Tudor
Wekeni akiba miezi kadhaa mpande lile jahazi la kulia chakula la Tamarind, Nyali. Likishang'oa nanga, nani atamwita?

Kijana wa Majengo
Jikoni mwa jahazi.

Shoga wa Tudor
Nyamaza wewe.

Ami wa Kibokoni
Mwanangu, mimi nimeendesha teksi miaka 31, na mke wangu hajakaa kiti cha mbele jioni moja bila mtu kunipungia mkono nisimame. Nakuelewa, na yeye namwelewa pia: mwanamume akiitwa fundi mbele ya mkewe, mabega hupanda.

Acheni hoteli. Mkishuka feri upande wa kisiwa msipande matatu, tembeeni mpaka Lighthouse, pale kando ya bahari Mama Ngina. Tangu pakarabatiwe mwaka 2019 pana njia nzuri ya miguu na viti. Fikeni kabla ya magharibi. Mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati, ndimu, pilipili ya unga, kachiri kwenye karatasi, dafu moja moja. Mtaziona meli zaingia Kilindini, karibu hata mabaharia mwawapungia. Jiko la pale ni karai na makaa. Dafu halina kompresa.

Mke wa Fundi
Ami, hilo la dafu nimemsomea, amecheka mpaka akakohoa. Tutakwenda.

Mke wa Fundi
Nimerudi na habari, maana Shoga wa Tudor amenisumbua.

Tulikwenda jana. Tuliketi ukutani kuelekea bahari, mibuyu nyuma yetu, mihogo ya shilingi mia. Ikapita meli ya makontena, kubwa kama mtaa, tukabishana yatoka wapi. Saa nzima hakuna aliyemwita. Hata mmoja!

Sasa sikilizeni. Akaanza kuhangaika. Mara atazama simu, mara aikung'uta ndara isiyo na mchanga. Pembeni palikuwa na kijana auza maji ya ukwaju kwenye kasha la barafu. Bwana akainuka, nikadhani anishikia ukwaju. Namsikia: "Kijana, barafu yako mbona yayeyuka mapema hivi? Waitoa wapi?"

Kumbe si watu wamwitao.

Nilimwacha dakika kumi, nikamalizia mihogo yake. Alirudi na ukwaju bilauri mbili, akaniuliza kama dera ni jipya. Dera lenyewe ni lile la juma lililopita, lakini nimesema ndiyo.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu kuchagua. Ami, mihogo ya Lighthouse twaweza kuirudia, au nitakuwa nimevunja sharti?