Ushauri: laptopu ndogo ya kubeba kila siku, bajeti 650,000, nipo Rungwe

Mwl_Katumba
Habari zenu wakuu. Natafuta laptopu ndogo ya kupanda nayo bodaboda kila siku, isizidi kilo 1.4. Kazi zake ni mitihani kwenye Word, matokeo ya darasa zima kwenye Excel, kufundishia kwa projekta (ya shule ni ya zamani, ina tundu la VGA tu) na intaneti ya hotispoti ya simu. Huku mvua zikikaza umeme hukatika, kwa hiyo chaji ikae. Mwanjelwa nimeoneshwa nne: mpya ya inchi 11.6 yenye Celeron N4020, RAM 4GB na eMMC (hifadhi ya ndani) 64GB. HP EliteBook 820 G3. Lenovo ThinkPad X280. Na Dell Latitude 7290. Hizo tatu za mwisho zimetumika. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kutoa hela?

FundiUyole
Mwalimu, hiyo mpya iache. RAM 4GB na hifadhi 64GB ndicho kima cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, na kwenye mashine nyingi za aina hiyo vyote viwili vimechomelewa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa mashine). Sasisho kubwa likija linataka gigabaiti kadhaa zilizo wazi, hazipo, linakwama katikati. Hakuna fundi atakayekuongezea.

820 G3 ina umbo zuri, ina matundu mawili ya RAM, tena kati ya hizo tatu zilizotumika ndiyo pekee yenye VGA yake. Shida ni prosesa ya kizazi cha 6. Microsoft walisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yao ya Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Kulazimisha inawezekana, ila kila sasisho kubwa unarudi kuhangaika. VGA isikurubuni: adapta ya HDMI kwenda VGA inamaliza hilo, na X280 na 7290 zote zina HDMI.

Nyanda_za_Juu
Naongezea kwenye hizo mbili zilizobaki. Zote ni inchi 12.5, kilo 1.2 hivi. Hukumu iko kwenye vitu usivyoweza kubadilisha baadaye.

X280 RAM yake imechomelewa. Ukikuta ya 4GB utazeeka nayo, chukua ya 8GB kwenda juu tu. Inachajiwa kwa USB-C peke yake, haina tundu jingine la chaji. Matoleo ya ThinkPad ya miaka hiyo yenye Thunderbolt (aina ya USB-C yenye kasi), X280 ikiwemo, yalikuwa na hitilafu ya fimwea, yaani programu ya ndani inayoendesha tundu hilo: tundu la USB-C linaweza kuacha kupeleka data, HDMI ikapotea, au chaji ikagoma. Lenovo walitoa marekebisho, lakini kama mwenye mashine hakuyaweka mapema, tundu likishakufa kuweka fimwea mara nyingi hakulifufui. Kwa hiyo jaribu USB-C zote mbili, moja moja: kwanza chaji, kisha fleshi au simu. Tikisa waya kidogo. Chaji ikikatika na kurudi, ondoka.

7290 ina tundu moja la RAM aina ya DDR4. Leo 8GB, kesho unachomoa unaweka kipande kimoja cha 16GB. Betri yake ni ya 42Wh au 60Wh (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba). Fungua mfuniko wa chini usome lebo, maana hapo ndipo mashine mbili za bei moja zinapotofautiana.

FundiUyole
Ukaguzi, usione aibu kukaa dukani nusu saa.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Gawanya FULL CHARGE CAPACITY kwa DESIGN CAPACITY. Mfano 39,000 kwa 60,000 ni asilimia 65, inavumilika kama bei imeshuka. Betri feki hudanganya kwenye ripoti, kwa hiyo chomoa chaji ucheze video dakika 20. Asilimia ikidondoka kwa kuruka, tuseme 60 halafu ghafla 35, betri imekwisha. Tachipadi ikiwa imeinuka au mfuniko wa chini umebenuka, betri imevimba: usiichaji hata kidogo.

Kioo: nyingi zilizotumika ni 1366x768, na Excel yenye masomo kumi na kitu itakuchosha kusogeza pembeni. Tafuta 1920x1080. Lalaza kioo nyuma, rangi zikigeuka ni TN, aina ya kioo kisichoonekana vizuri ukikitazama kwa pembe.

Kufuli: washa ukibonyeza F2 kwa Dell au F1 kwa Lenovo. Ikidai nywila ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), rudisha kaunta. Halafu mwambie muuzaji aifanyie Reset (kufuta kila kitu na kuanza upya) mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Mashine iliyotoka ofisini ikiwa bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo, itaonesha jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazi. Usipoijaribu hivi hutaijua mpaka siku utakapopiga Windows upya.

Ndulamo
Na hali ya hewa yetu izingatiwe. Ukitoka kwenye baridi ukaingia chumba chenye jiko, iache ndani ya begi nusu saa kwanza, mvuke usigandie kwenye mazabodi. Kwa wa Makete wenye sakitu Juni na Julai: betri ikiwa chini ya nyuzi sifuri isichajiwe, ipate joto kwanza.

Mwl_Katumba
Shukrani sana wakuu. Duka lina X280 ya 8GB yenye kioo 1920x1080, na 7290 ya 8GB kioo 1366x768 betri 60Wh. Bei sawa. Na pawabenki inafaa?

Nyanda_za_Juu
Kwa Excel pana ningechukua X280, ila kwa sharti USB-C zote mbili zipite jaribio. Moja ikisuasua, chukua 7290 bila kujadili, kwa sababu X280 isiyochaji ni ya kuwekea vitabu juu.

Pawabenki iwe ya USB-C PD (mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa) inayotoa volti 20, wati 45 au zaidi. Za simu za wati 18 hazitoshi. Ya 20,000mAh ni kama 74Wh, na upotevu ukitolewa inabaki 55 hivi. Betri ya X280 ni 48Wh, kwa hiyo unapata kujaza mara moja. Risiti iandikwe namba ya utambulisho ya mashine (serial number) na siku za majaribio.