Mjadala: Je, tumwandikie mbunge na madiwani wa Tanga kuhusu haki za wapenzi wa jinsia moja?

Mtoa hoja, Chumbageni

Hoja yangu ni kwamba sisi wapigakura wa Tanga Mjini, kila mmoja kwa jina lake na kata yake, tumwandikie barua mbunge wetu na madiwani wetu, tukiwataka watumie mamlaka waliyo nayo kuwalinda wenzetu wapenzi wa jinsia moja wasipigwe, wasidhalilishwe wala kunyimwa matibabu, na kwamba mbunge aombwe pia kulifikisha mahali panapostahili suala la kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu kumwingilia mtu kinyume cha maumbile. Najua wengi hapa hawataafikiana nami. Ni afadhali jambo hili lijadiliwe waziwazi kuliko kuendelea kunong'onwa barazani.

Sheria yenyewe ni Sura ya 16, tuliyoirithi kwa Mwingereza na ambayo Bunge letu liliikaza kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Anayepatikana na hatia ya kumwingilia mtu kinyume cha maumbile hufungwa maisha, au walau miaka 30, na kujaribu tu, chini ya kifungu cha 155, ni miaka isiyopungua 20. Watu wazima wawili waliokubaliana, wakiwa ndani kwao na mlango umefungwa, wanakabiliwa na adhabu ileile ya mbakaji.

Upande wa afya mambo yalizidi kubana mwezi Julai 2016, pale Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya na ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Tanga Mjini, alipopiga marufuku vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa katika kazi za kuzuia VVU. Februari 2017 Serikali ikasimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi, wakiwemo wapenzi wa jinsia moja, katika vituo 40 nchini. Tokeo lake halihitaji mtaalamu kulieleza. Mtu anayehofu kwamba akimweleza mganga ukweli ataishia kituo cha polisi atasema ana homa, atapewa Panadol, atarudi nyumbani na ugonjwa wake na kuupeleka mbele.

Kampeni nyingi za namna hii huharibika kwa kumwomba mtu asichoweza kutoa. Diwani hawezi kugusa Kanuni ya Adhabu hata angependa. Kumwandikia habari za kifungu cha 154 ni kumpa sababu ya kuitupa barua. Lakini Halmashauri ya Jiji ndiyo inayosimamia zahanati na vituo vya afya, ina kamati ya kudhibiti UKIMWI, na humo diwani anaweza kumuuliza Mganga Mkuu iwapo siri za wagonjwa zinatunzwa, kwa kuwa Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka zitunzwe na inakataza unyanyapaa dhidi ya wanaoishi na VVU. Mbunge naye, chini ya Ibara ya 63 ya Katiba, ana haki ya kumuuliza waziri yeyote swali, na katika mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili, anaweza kusimama kwenye makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani na kuuliza polisi wanafuata utaratibu gani wanapowakamata watu hawa. Barua itakayofika mwezi Juni itakuta watu wanafunga mafaili.

Kuhusu barua zenyewe, ninasisitiza kwamba zisinakiliwe. Barua mia zenye maneno yaleyale huhesabiwa kuwa barua moja, tena ya mtu asiyejulikana. Karani wa ofisi ya mbunge, kabla hajasoma hata mstari wa YAH, hutaka kujua unatoka kata gani, na aliyeandika "mama wa watoto wanne, Mabawa" amekwisha kujibu. Wala hakuna sheria inayotaka barua ya mwananchi kwa mbunge wake ipitie kwa (K.K.) Afisa Mtendaji wa Kata wala igongwe mhuri wa serikali ya mtaa. Desturi hiyo tumeizoea kwenye maombi ya kazi na dhamana. Hapa haina kazi, na itawatisha waandishi kabla ya kuanza.

Mwalimu wa madrasa, mstaafu, Ngamiani

Ndugu mtoa hoja, umesema kwa adabu, nami nitajibu kwa adabu. Mbunge ni sauti yetu sisi tuliomchagua, na mji huu, wenye misikiti na makanisa yanayotazamana, unatofautiana katika mengi lakini si katika hili. Ukimtaka aende kinyume cha wapigakura wake, hapo unamtumia yeye kutushinda sisi. Isitoshe, Katiba hiyohiyo unayoitaja ina Ibara ya 30, inayoruhusu sheria kuwekwa kwa ajili ya kulinda maadili ya jamii, na jirani zetu wa Kenya walipolipeleka jambo hili mahakamani, Mahakama Kuu yao tarehe 24 Mei 2019 ilikataa kuvifuta vifungu vinavyofanana na chetu.

Pia kuna suala la fedha za nje. Novemba 2018 Denmark ilizuia msaada wa krona milioni 65 kwa sababu, pamoja na nyingine, ya kauli za viongozi wetu juu ya wapenzi wa jinsia moja. Tangu siku hiyo mzazi wa hapa akiona barua ya aina yenu atauliza kwanza kama imeandikwa Tanga au Copenhagen, na sidhani kwamba mtamlaumu.

Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa dini, nitasema na lisilowapendeza wenzangu. Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza kupelelezana. Kuvamia nyumba ya mtu, kumburuta nje, kumpiga picha na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp hakumo katika mafundisho niliyosomesha. Barua itakayokemea hayo nitaisoma. Yenye kifungu cha 154 sitii saini.

Mchangiaji, Pongwe

Kuna kata hazina maji ya uhakika na kuna barabara hazipitiki wakati wa masika. Hivi kweli hili ndilo la kumwandikia mbunge?

Msaidizi wa kisheria, Makorora

Kwa mchangiaji wa Pongwe: barua ya maji iandikwe pia, hazigombanii bahasha. Nirudi kwenye hoja, kwa sababu kuna jambo la kisheria ambalo, likiachwa, litaiua kampeni hii siku ya kwanza.

Kosa la kubaka, katika kifungu cha 130, linamhusu mwanamume aliyemwingilia mwanamke au msichana. Mvulana akilawitiwa, mashtaka hufunguliwa chini ya kifungu hichohicho cha 154, na adhabu ya kifungo cha maisha kwa anayemlawiti mtoto imo humo. Kwa hiyo anayeandika kwa mkato kwamba "kifungu cha 154 kifutwe" anaomba, pengine bila kujua, kuondolewa kwa ngao kuu ya watoto wa kiume, na mbunge yeyote mwenye mshauri mzuri atamjibu kwa sentensi moja na mjadala utakuwa umekwisha. Nimekaa na wazazi mahakamani katika mashauri ya watoto. Hakuna kati yao atakayesikiliza neno la pili baada ya hilo. Linaloweza kuombwa kwa akili timamu ni kutenganisha: ulawiti wa mtoto na ulawiti wa kulazimisha ubaki kosa kubwa, uandikwe vizuri zaidi kuliko ulivyo sasa, na watu wazima waliokubaliana watolewe humo. Msumbiji, mwaka 2015, na Angola baadaye, walifika huko kwa kuandika upya kanuni nzima ya adhabu, si kwa kunyofoa kifungu. Kwetu, njia yenye staha ni mbunge kumwomba Waziri wa Katiba na Sheria alipeleke suala hili kwenye Tume ya Kurekebisha Sheria, ambako pande zote, pamoja na Mwalimu, zitapata nafasi ya kutoa maoni. Kumtaka mbunge mmoja aende Dodoma na muswada binafsi wa jambo hili ni kumtaka ajizike kisiasa.

Jambo ambalo naona linawezekana mapema zaidi ni uchunguzi wa mwili wa kulazimishwa. Mtu hukamatwa kwa tetesi, hupewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, hupelekwa hospitali, na huko huchunguzwa njia ya haja kubwa ili ipatikane "alama". Chama cha Madaktari Duniani kiliulaani uchunguzi huo Oktoba 2017, na kitabibu hauthibitishi kitu. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikikaa Mombasa, iliamua kwamba kuwafanyia hivyo wanaume wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015 kulivunja katiba. Mombasa ni hapo tu, ukivuka mpaka wa Horohoro. Uamuzi ule haufungi mahakama zetu, lakini Ibara yetu ya 13(6) nayo inataka heshima ya mtu itunzwe katika upelelezi na inakataza kumdhalilisha. Hapo hatuombi sheria mpya hata moja.

Na tahadhari: msiitishe mkutano hotelini. Oktoba 2017 polisi wa Dar es Salaam waliwakamata wanasheria na wanaharakati, wakiwemo raia wa Afrika Kusini, waliokutana kujadili kufungua shauri. Barua ya raia mmoja kwa mbunge wake, inayolindwa na Ibara ya 18 na ya 21, ni kitu kingine kabisa.

Kijana, Mikanjuni

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili, na zaidi ya hapo sitajieleza.

Mnaandika kwamba kila mtu aweke jina na kata. Mimi siwezi. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipotangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina, tangazo halikuwa la mkoa wetu, lakini hata hapa Tanga watu walikesha wakifuta namba, picha na ujumbe kwenye simu zao, na wengine walihama nyumba za kupanga bila kumuaga mwenye nyumba. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikasema yale ni maoni yake binafsi na kwamba Serikali inaheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoridhia. Taarifa hiyo iliwafikia mabalozi. Mwenye nyumba wangu haikumfikia.

Nina neno na msaidizi wa kisheria pia. Naelewa hesabu yako na habari ya watoto ni ya kweli, lakini mkiniombea nisipigwe na nisichunguzwe, kisha mkanyamazia kifungu kinachonihesabu mhalifu, mtakuwa mmeniombea nifungwe miaka 30 kwa upole. Barua isiyogusa 154 andikeni, itasaidia, ila msiseme ni yangu.

Mtoa hoja, Chumbageni

Nimewasikiliza wote. Kijana hatakiwi kutia saini, wala mwenzake yeyote. Waandishi wawe wazazi, ndugu, wauguzi, walimu, majirani: watu ambao mbunge anawajua na ambao jina lao haliwagharimu nyumba. Tusifungue daftari la majina wala kundi la simu la waandishi, kwa maana orodha ya namna hiyo, hata iwe mikononi mwa mtu mwema, siku moja itafika mikononi mwa mwingine. Anayeandika apeleke mwenyewe, abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, basi.

Kuhusu wapigakura wengi, Mwalimu, nakubali kwamba mko wengi kuliko sisi. Sikubali kwamba mbunge ni wa walio wengi peke yao. Muuguzi wa Hospitali ya Bombo hamuulizi mgonjwa alimpigia nani kura, na mbunge vilevile ana wajibu kwa aliye mmoja. Kuhusu Copenhagen, ndiyo sababu ninataka jina la kata juu ya kila barua, na ndiyo sababu sitapokea senti ya mtu kwa ajili ya kazi hii, hata ya bahasha.

Barua ziwe mbili. Ya kwanza, kwa madiwani na mbunge, ihusu vipigo, uchunguzi wa kulazimishwa na siri za wagonjwa. Ya pili, kwa mbunge peke yake, imwombe alipeleke suala la kifungu cha 154 kwenye Tume, ikisema katika aya ya kwanza kabisa, si ya mwisho, kwamba ulinzi wa watoto ubaki na uimarishwe. Kuna waliokwisha kunishauri faraghani kwamba ya pili ingoje miaka michache hadi joto lipungue. Sioni ni nani anayelipunguza joto hilo wakati sote tumekaa kimya, na kijana wa Mikanjuni amekwisha kutueleza kungoja kunakuwaje. Zipelekwe zote kabla ya Aprili.

Mwalimu wa madrasa, mstaafu, Ngamiani

Marahaba, kijana. Ya kwanza nitatia saini, kwa sharti kwamba habari ya kusambaza picha za watu iandikwe wazi. Ya pili nami nitamwandikia mbunge barua yangu ya kuipinga, nitaweka jina langu na kata kama mlivyoshauri, na nakala yake, ndugu mtoa hoja, nitakuletea wewe mwenyewe Chumbageni.