Wauza pembejeo huku Kongwa, Dodoma, mnatuuzia dawa ya fukusi mkiita ya dumuzi. Imetosha!

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira, mnivumilie. Dumuzi na fukusi ni wadudu wawili tofauti wanaotoboa nafaka ghalani, na kila mmoja ana dawa yake.

Kuna mchezo unaendelea kwenye maduka ya pembejeo huku kwetu, na sidhani kama Mpwapwa na Chamwino wamepona. Unaingia, unasema unataka dawa ya dumuzi. Muuzaji haulizi unahifadhi nini wala mpaka lini. Anainama chini ya meza, anachota unga mweupe kwenye ndoo, anakupimia kwenye kifuko cha nailoni (ndiyo, ile ile iliyopigwa marufuku 2019), anapiga fundo. Lebo hakuna, tarehe hakuna, kiwanda hakijulikani. Ukiomba risiti anakutazama kama umemtukania mama yake.

Mahindi niliyapukuchua, nikayaanika mpaka ukiuma punje inalia, nikapepeta, nikachanganya dawa juu ya turubai kwa kipimo alichosema yeye, nikajaza viroba na kupanga juu ya chaga. Juzi nafungua kiroba, mkono unazama kwenye unga. Unga wenyewe wa moto! Punje ukiibana inasagika vidoleni, ndani hamna kitu, limebaki ganda lenye tundu. Na wenyewe wamo: wadogo, kahawia iliyoiva, kichwa kimeinamia chini ya kifua, ukimtazama kwa juu hukioni. Huyo ni dumuzi. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka, hata mtoto anamjua. Fukusi nao walikuwemo, ila wote wamekufa!

Hapo ndipo pa kuwakamatia. Dawa imefanya kazi, ila kwa mdudu mwingine. Sumu iitwayo pirimifosi-methili inamuua fukusi vizuri, lakini kwa dumuzi ni dhaifu. Kinachomweza dumuzi ni sumu nyingine, pamethrini, ambayo nayo kwa fukusi haina makali. Ndiyo maana dawa ya ghalani ni mchanganyiko wa vyote viwili. Ile iliyozoeleka ina asilimia 1.6 ya hiyo ya kwanza na 0.3 ya pili. Sasa hiyo 0.3 ndiyo ninayoitolea hela! Kilichokuwa kwenye ile ndoo ama hakikuwa nayo, ama ilishakufa nguvu zamani.

Nikamrudia. Jibu lake: "Mzee, ongeza dawa." Niongeze dawa kwenye chakula cha watoto? Mwenzake akadakia kwamba nichukue vidonge vya kufukiza wadudu, niweke kimoja kila kiroba, huko huko ndani tunakolala. Wakuu, vile vinatoa fosfini. Ni gesi inayoua watu. Kufukiza kunafanywa na aliyesomea, shehena imefunikwa turubai lisilopitisha hewa, na hakuna anayelala jirani. Kwenye kiroba cha kawaida gesi inatoka yote, mdudu anabaki, unaumia wewe. Halafu ikishaisha haiachi kinga yoyote. Dumuzi anaruka, wa jirani anahamia. Na kijana anaviuza kama pipi.

Bwana shamba wa kata ndiyo usiseme. Tunamwona viongozi wakija ziara.

Na huyu dumuzi si wa jana. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, hapa nchini alianza kujulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akamaliza mahindi ya magunzi na makopa ya wazee wetu. Zaidi ya miaka 40 tunaishi naye. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ipo, mamlaka ya viuatilifu ipo, na ndoo nayo ipo chini ya meza mchana kweupe.

Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Tukivuna wote kwa pamoja, bei sokoni Kibaigwa inakuwa ya kutupa. Anayepata ni yule aliyeweza kukaa na gunia mpaka Januari, na dumuzi ndiye anayekunyima hiyo miezi. Kwa hiyo dawa feki haimnufaishi mwenye duka peke yake. Mlanguzi anayekuja Julai na mizani yake ya ajabu anajua kabisa utauza tu.

Mnaokuja na "mkuu, nunua mifuko ya kinga njaa", nimewasikia. Ni mizuri sana: plastiki mbili ndani, mfuko wa nje, mdudu anakosa hewa, dawa huhitaji. Ila piga hesabu ya magunia ishirini, halafu panya atoboe mmoja. Na kwa sababu mifuko ipo, mimi niuziwe unga wa kwenye ndoo?

Aliyepimiwa dawa ya ndoo aandike hapa wilaya yake, na alikuta nini alipofungua. Duka msitaje, mods wataufuta uzi huu. Kama bado una hicho kifuko usikitupe, kifunge vizuri, kiweke mbali na watoto. Vikifika vya kutosha tunaenda navyo halmashauri kwa pamoja kabla ya mavuno, tuone nani atatuambia tuongeze dawa.